Cheti Nilichompa Wakoli

Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Ukungu ulikuwa umeukalia mji wa Kitale, na manyunyu yalikuwa ya kuudhi shingo tu, si ya kumlowesha mtu. Wakati huo ndipo mtu aliyemuua ndugu yangu alipoingia langoni mwa shule yangu, akavua kofia yake ya pikipiki, akajiunga na foleni.

Niliendelea kuandika jina la mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu. Nataka hilo lijulikane.

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, mkasa wangu ni huu. Ninaitwa Nderitu. Ninamiliki shule ndogo ya kufunza waendesha pikipiki, nje kidogo ya mji. Mdogo wangu Gathii alifia kwenye kona ya pili ya mteremko wa Kamukuywa, akitembea kandokando ya lami, akiisukuma pikipiki yake iliyopata pancha. Wakoli, mwendesha bodaboda wa Tongaren, aliteremka akiwa amezima injini ili asichome mafuta, akaikata kona kwa upande usio wake, akamzoa. Pikipiki iliyozimwa haina sauti. Gathii hakusikia kitu.

Mahakamani, wenzake watatu wa steji, kituo chao cha bodaboda, waliapa kwamba injini ilikuwa ikinguruma na kwamba Gathii ndiye aliyejitupa katikati ya barabara. Wakoli akaachiliwa, akarudi kwake. Sisi tukabaki na kaburi. Na wiki iliyopita niliwasimulia hapa gazetini jinsi mchumba wangu Lorraine alivyonirudishia pete, akisema hawezi kuolewa na mwanamume ambaye kila jioni anampakulia marehemu chakula.

Sasa zamu ya Wakoli ilifika.

"Jina?" nilimuuliza.

"Si unanijua, mwalimu."

"Nimeuliza jina."

"Wakoli."

"Umetoka Tongaren mpaka hapa? Bungoma hakuna shule?"

"Ziko mingi. Lakini chama ya steji yetu inataka cheti ndio tuingie bima, na watu wanasema kwako hakuna kubembelezana."

Kijana mmoja nyuma yake alidakia, "Mwalimu, huyo muachilie tu! Ako na miaka kumi kwa barabara!"

"Ndio maana kofia yake imepasuka hivyo, bana," mwingine akamjibu, na foleni nzima ikacheka.

Wakoli hakucheka. Alinitazama usoni kwa macho mekundu ya mtu asiyelala. Nami nikayafasiri macho hayo kuwa ni ujeuri.

"Lipa ada uingie," nikasema.

Jepkemboi, mwalimu msaidizi wangu, alinivuta kando mara tu foleni ilipokwisha. Yeye alikuwepo siku ya mazishi ya Gathii. "Mwalimu, huyo si ndiye?"

"Ndiye."

"Na umemchukua?"

"Shule iko wazi kwa kila mtu."

"Aki mwalimu, mrudishe. Mtu hawezi kuwa na mbwa na mfupa kwa nyumba moja, halafu aseme ni shule."

Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitamfunza, nitamtahini, nitamwangusha mbele ya wenzake. Kisha ajaribu tena, nimwangushe tena. Mimi nilisoma katika shule ya bweni ambako tuliamshwa kwa kengele na kulala kwa kengele, na ambako tulifunzwa kwamba mtahini hana ndugu wala adui. Nimemwangusha binamu yangu. Nimemwangusha mchungaji akiwa na kola yake shingoni. Kote Trans-Nzoia wanajua kwamba aliyepitishwa na Nderitu amepita. Jina hilo ndilo mali yangu ya pekee, na nilikuwa nimekusudia kulitumia kama kiboko.

Jioni hiyo, nilipokuwa nikifunga lango, wazo jingine lilinijia. Lilinijia taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Nikimwangusha Wakoli, atakosa bima. Akikosa bima, steji itamnyima nafasi. Atarudi shambani kupalilia mahindi, na atakufa mzee, kitandani, wajukuu wakimzunguka. Kumwangusha kulikuwa ni kumwokoa.

Lakini nikimpitisha?

Mteremko wa Kamukuywa una kona nyingi na njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na malori ya mahindi hayampishi mtu. Pikipiki ikiwa ndani ya gia, injini yenyewe huishikilia mteremkoni. Ukiizima, au ukiiweka frii, nje ya gia, unabaki na breki peke yake, na breki huchoka. Mtu mwenye tabia hiyo anahitaji mwalimu mmoja tu wa kumwambia ukweli. Asipopata mwalimu, barabara itamalizana naye, na hakuna hakimu atakayeniita.

Basi siku ya somo la mteremko ilipofika, nilimtuma Wakoli mjini akanunue mafuta ya cheni.

"Si niende jioni, mwalimu? Hili somo ndilo nilikuwa nangojea."

"Nenda sasa."

"Halafu nitafunzwa lini?"

"Wewe una miaka kumi barabarani. Mteremko utakufunza nini?"

Alisita. Kisha akaenda. Aliporudi, wenzake walikuwa wanakunywa chai, na somo lilikuwa limekwisha.

Siku ya mtihani ilikuwa kavu. Mimi huwatahini wanafunzi wangu kwa sikio. Jepkemboi husimama juu ya mteremko, karibu na kanisa, akiwaruhusu mmoja mmoja. Mimi hukaa kwenye kona ya pili, ambapo siwezi kumwona anayekuja mpaka awe amefika. Lakini namsikia. Mwenye kushika gia ya pili, injini yake hulalamika kuanzia juu hadi chini. Mwenye kuzima hunyamaza.

Ndiyo. Kona ya pili. Nilikuwa nimewatahini wote mahali hapo tangu Gathii afe, na wanafunzi walidhani ni kwa sababu ya ukali wa kona.

Wanane walipita wakilalamika vizuri. Nikaandika.

Kisha simu ya Jepkemboi. "Namtoa Wakoli."

Nikasikia injini yake ikianza. Nikaisikia ikifika ukingoni mwa mteremko.

Ikanyamaza.

Nawaambieni, nilikuwa nimetaka kujua kwa muda mrefu ndugu yangu alisikia nini siku ile. Sasa nilisikia. Nilisikia ndege. Nilisikia mbuzi ng'ambo ya mto. Mwishoni kabisa nikasikia mnong'ono wa tairi, na Wakoli alikuwa amekwisha kufika, katikati ya mstari, upande usio wake, pale pale.

Alisimama mita chache chini yangu. Akageuka, akaninyanyulia uso. Alikuwa akingoja.

Nikafungua kalamu.

"Umepita," nikasema.

"Nini?"

"Umepita, Wakoli. Hongera."

"Mwalimu, una uhakika? Uliniona vizuri?"

"Nimekuona. Nani mwingine anahitaji kukuona?"

Wakoli akaanza kulia pale pale juu ya pikipiki. Nilidhani ni furaha ya kupata cheti, nikamdharau zaidi.

Jepkemboi alikuja mbio hadi chini, viatu mkononi. "Mwalimu, huyu alizima! Amezima akinitazama usoni, kama mtu anataka aonekane!"

"Nimesikia."

"Na umempa?"

"Nimempa."

"Sasa wale tuliowaangusha kwa hiyo makosa, tutawaambia nini?"

"Jepkemboi, mtahini ni nani?"

Alinitazama sana. Jepkemboi ni mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo alitumia machache. "Basi mimi sitaweka sahihi yangu hapo," akasema, akavaa viatu vyake, akatembea kwenda barabarani kutafuta gari la kurudi mjini. Hajarudi kazini mpaka leo.

Nilisaini peke yangu.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu wa malezi yangu hapaswi kulisema gazetini. Siku zilizofuata nilikuwa na furaha. Nilikula vizuri. Nilinyoa ndevu. Mvua ilipokuwa ikinyesha mchana, nilikuwa nikisimama mlangoni na kuwaza lami ya Kamukuywa inavyoteleza. Simu ikilia nilikuwa naipokea upesi, kama mtu anayengoja habari za mtoto kuzaliwa.

Jumapili ikalia. Ilikuwa mama yangu.

Mama yangu, Nyaruai, anaishi chini ya mteremko ule, karibu na daraja, katika shamba alilolinunua marehemu baba. Kanisa lake liko juu. Kila Jumapili mimi humpandisha kwa gari, na kumrudisha.

"Nderitu, usije. Nimeshafika kanisani."

"Umefikaje, Mama?"

"Nimebebwa na pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

"Ya Wakoli."

"Wakoli gani?"

"Kwani unajua wangapi? Yule wa Gathii."

Nilitafuta kiti. Hakikuwa karibu.

"Mama, yule mtu alimuua Gathii."

"Si wewe ndiye umesema anajua kuendesha? Cheti nimekiona. Alikileta Ijumaa, akapiga magoti nje ya lango, akanionyesha, ndipo nikamwita ndani. Miaka hii yote nilikataa kumwona. Nilisema mpaka nijue kama alikosa au hakukosa. Sasa nimejua, maana angekuwa na kosa wewe usingempitisha. Mtu akipitishwa na Nderitu, amepita. Si ndivyo unajisifu kila siku?"

"Mama, usirudi naye."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Hapo, kwenye simu, hakuna wa kuniona. Nikasema, "Kutanyesha."

"Nderitu wee, mimi si chumvi," akasema, akacheka, akakata.

Kupanda kwenda kanisani ni salama. Pikipiki ikipanda lazima injini ifanye kazi. Ni kurudi ndiko kubaya. Nilipotoka Kitale nilijua nina muda wa mahubiri na sadaka, na kama mchungaji ana neno zito, na matangazo.

Sikuchukua gari. Nilichukua pikipiki ya shule, kwa kuwa inapenya. Kiminini nilipita kama upepo. Nilipovuka daraja la Kamukuywa na kuanza kupanda, nikakuta magari yamesimama, na watu wanakimbia kuelekea kona ya kwanza.

Niliiacha pikipiki imelala barabarani, jambo ambalo ningemfukuza mwanafunzi kwa kulifanya.

Trekta ya miwa ilikuwa imesimama mshazari. Chini ya trela yake kulikuwa na pikipiki, gurudumu la nyuma likiwa bado linazunguka.

"Alikuwa amembeba mama?" nilimshika mtu shati. "Mama mzee? Alikuwa na mama?"

"Mama gani? Alikuwa na mahindi."

Nikasukuma watu. Kijana mmoja nisiyemjua alikuwa amelala kwenye nyasi, mguu umepindika, akizungukwa na mahindi yaliyomwagika. Alikuwa ametaka kuipita trekta kwenye kona, akakutana na lori uso kwa uso, akarudi ndani kwa ghafla.

"Magunia yangu!" alikuwa akilia. "Wasichukue magunia yangu!"

"Mguu umevunjika na unauliza magunia?" mama mmoja akamwambia. "Wewe nyamaza upone kwanza."

Walikuwa wanampakia kwenye pikapu. Ninajua kumfunga mtu mguu. Ninafunza jambo hilo. Sikumfunga. Nilirudi nikaiinua pikipiki yangu nikapanda mlima, na nilipopita kona ya pili sikutazama kando.

Ibada ilikuwa imekwisha. Akina mama walikuwa wamesimama makundi makundi mbele ya kanisa, wakisalimiana. Katikati yao alikuwepo mama yangu, amevaa fulana ya reflekta ya manjano juu ya kanzu yake ya Jumapili, akicheka. Wakoli alikuwa kando yake, ameshika Biblia ya Mama kama mtoto wa nyumbani.

"Huyo hapo mwenyewe!" Mama alisema. "Mwalimu aliyempitisha. Njoo, Nderitu, uwasalimie wamama."

"Mama, ingia kivuli tuzungumze."

"Zungumza hapa. Hapa ni nyumbani kwa Mungu, hakuna siri."

"Utarudi nami."

"Nitarudi na aliyenileta. Usimwaibishe kijana wa watu."

Wakoli akanisogelea na mikono miwili mbele. "Mwalimu, pole. Nilijua hutapenda. Lakini baba yangu aliniambia, usikanyage boma ya wafiwa mpaka wakuite. Mayi ameniita. Nikasema nitambeba kila Jumapili, bure, mpaka nizeeke."

Alimwita mama yangu Mayi. Kwao, mayi ni mama.

"Usimwite hivyo," nikasema.

"Nderitu!" Mama akanikemea.

"Hatapanda pikipiki yako, Wakoli."

"Lakini si umenipitisha?"

Akina mama walikuwa wametugeukia. Mchungaji alikuwa ametoka mlangoni. Nilihesabu nyuso ninazozijua, nikaona ni zote. Mtu mwenye jina huogopa sana watu wanaolijua jina lake. Nilijaribu njia ya pembeni.

"Cheti kina makosa kidogo. Nirudishie nikirekebishe."

"Makosa gani?" Wakoli akauliza.

"Ya kawaida."

"Mwalimu." Sauti yake ilishuka. "Makosa gani?"

Mama naye alikuwa amenikazia macho. Hayo ndiyo macho yaliyokuwa yakinisubiri getini nikitoka shuleni wakati wa likizo, na ripoti mkononi.

"Hajui kuteremka, Mama," nikasema. "Anazima injini. Alizima siku ya mtihani. Nilimsikia."

"Na ukampitisha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Wakoli ndiye aliyejibu. Alielewa kabla ya wote, na alisema kwa upole, kana kwamba anamtafsiria mgeni.

"Alitaka nife, Mayi."

Mama mmoja akamtaja Mungu chinichini, "Ngai."

"Ni kweli, Nderitu?" Mama akauliza.

Nawaambia wasomaji wangu, ningeweza kukataa. Nani angenishuhudia? Jepkemboi hakuwepo. Lakini nilimtazama yule mtu, na hasira yangu ikanizidi akili na ikaizidi hata aibu yangu. Nilitaka ajue. Ningekuwa nimempa kifo bila yeye kujua kinatoka kwa nani. Kumbe kisasi kisicho na jina hakishibishi.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikupitisha ili ufe. Ufe pale pale alipofia Gathii."

Wakoli alikaa juu ya ngazi ya kanisa. Aliweka ile Biblia magotini.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako?" akasema. "Bungoma kuna shule. Webuye kuna shule. Nilikuja kwako sababu wewe unanichukia. Nikasema, mtu ananichukia hivi, kama niko na makosa hawezi kunificha. Wale wa steji walisema kortini ati injini ilikuwa inanguruma. Waliapa kwa Biblia kama hii. Mimi ndiye nilikuwa kwa hiyo pikipiki. Nilizima. Tangu hiyo siku silali."

"Mmesikia?" niligeukia umati. "Mmemsikia? Amesema alizima!"

Walikuwa wakimtazama yeye.

"Siku ya mtihani nikazima tena," Wakoli akaendelea. "Makusudi. Kona ile ile. Nilitaka unishike, unipige hata, useme, Wakoli, hivi ndivyo ulimuua ndugu yangu. Ukasema nimepita. Nikasema, kumbe! Kama Nderitu mwenyewe amesikia na amesema ni sawa, basi haikuwa makosa yangu. Nililala usiku huo, mwalimu. Mara ya kwanza. Ndio nikaenda kwa Mayi."

Wapendwa wasomaji, mimi nimewahi kupigwa. Shuleni tulipigwa na maprifekti, wale viranja, tukapigwa na walimu kwa kupigwa na maprifekti. Sijawahi kupigwa hivyo. Nilikuwa nimemnyima Wakoli hukumu niliyoililia mahakamani, na badala yake nikamsamehe kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maandishi, na muhuri juu yake.

"Ulikosa," nilimwambia. "Sikiliza sasa. Ulikosa siku ile, na ulikosa siku ya mtihani. Ulimuua. Nipe cheti."

Alikitoa mfukoni, kimekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni kisilowe. Nilikichana mara nne mbele ya kanisa. Nilijisikia kama mtu aliyevuta pumzi.

"Sawa," Wakoli akasema. Alisimama, akajifuta vumbi. "Sasa mimi najua. Asante. Basi nawe unilipe deni yangu."

"Deni gani?"

"Nililipa ada ya masomo yote. Somo moja ulininyima. Ulinituma mafuta ya cheni."

"Nitakurudishia ada."

"Sitaki ada. Nataka somo. Mteremko ndio huo. Pikipiki ndio hii, na yako ndio hiyo. Nifunze sasa, mbele ya hawa watu."

"Mfunze, Nderitu," akasema mchungaji.

"Mfunze," Mama akasema. "Si dakika kumi tu? Mfunze, halafu nyote wawili mje mnywe chai."

Yalikuwa maneno machache. Weka gia ya pili kabla ya kufika ukingoni. Usiiguse klachi. Kaa upande wako, piga honi kabla ya kona. Ningeweza kuyasema nikiwa nimesimama pale pale, bila kuvua glavu.

Nilimtazama Wakoli, nikaona nitakuwa nimempa nini. Miaka arobaini ya barabara. Kona ile ile, kila siku, akiipita salama kwa ujuzi wangu, wakati Gathii yuko chini ya udongo.

"Mtu wa kumfunza atampata Bungoma," nikasema. "Mimi sitamfunza."

"Nderitu, nakuomba mimi," Mama akasema. "Mimi niliyemzaa Gathii. Wewe hukumzaa."

"Mama, niombe kitu kingine."

Mama akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akachukua kofia iliyokuwa imening'inia kwenye usukani wa pikipiki ya Wakoli, akaivaa juu ya kitambaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naenda nyumbani."

Akapanda. Akakaa upande, miguu pamoja, kama wanavyokaa akina mama wa kanisa, na mkoba wake mapajani.

"Mayi, shuka," Wakoli akasema. "Si umesikia mwenyewe sijui?"

"Nimesikia. Na mwalimu yuko hapa, anakuangalia. Akitaka kusema neno, ana mdomo. Panda, kijana."

Niliwahi kumwona mama yangu akitisha hivyo. Nikiwa kidato cha pili nilikataa kuomba msamaha kwa jirani, naye akasimama kwenye mvua uani mpaka nikaomba. Nilijua ananitisha. Nilijijua pia mimi. Sikuwa mtoto wa kidato cha pili tena.

Wakoli alipanda taratibu, kama mtu anayepanda jukwaa la kunyongewa. Mbele yetu lami ilikuwa imeinama kuelekea mtoni, na honi ya lori ilikuwa inalia mahali fulani chini. Aliweka mkono juu ya ufunguo. Hakumwangalia mama yangu. Aliniangalia mimi.

"Mwalimu, nakuuliza mara ya mwisho. Unanilipa, ama hunilipi?"

"Sikulipi."

Akawasha, na mama yangu akamshika kiunoni.